Wageni wa Bibi Mfuga Hariri

Jirani wa kina Zulhumor pale mjini Margilan, bibi mfuga viwavi wa hariri, hakuwahi kuwaita viwavi; aliwaita wageni. Miforosadi ikichipua, aliyaatamia mayai yao kifuani mwake, ndani ya kijifuko cha pamba, na tangu hapo hakupaza sauti hadi wajifungie kwenye vifukofuko, ambavyo alivichemsha apate nyuzi. Chumbani mwao aliingia miguu mitupu, akatandaza majani kwa vidole vilivyokakamaa kama magome, kisha akasimama kusikiliza wanavyotafuna, mithili ya mvua ya mbali. Mtoto Zulhumor alimfuata nyuma na hadubini yake ya mfukoni.

“Bibi, njoo umwone uso!”

“Wee! Mgeni utakayemchemsha humchunguzi uso.”

Jibu lilikuwa hilo hilo, kwa mnong’ono, mpaka asubuhi moja wageni walipoacha kula, wakainua vichwa, wakawa wanayumba taratibu kama wanaosinzia, wakitafuta pa kufuma. Bibi akainamia hadubini ya mtoto, akafumba jicho moja. Akakawia pale. Halafu mkono wake ukapanda kichwani, ukaweka sawa kitambaa, ukazificha mvi.

“We mtoto,” akanong’ona, “mbona hukuniambia kwamba naye ananiona?”