Vivuli Viwili kwenye Shuka la Simbo

Juzi mjukuu wangu aliniwekea filamu kwenye simu. Mwanamke mwenye mvi kama zangu anaendesha boti, anawagombeza wanaume, na mwisho kijiji kizima kinamfuata. "Bibi, huyo ni wewe kabisa!" Nikacheka, lakini moyo ulikwishafika Simbo, kijijini kwetu.

Unakumbuka, mwenzangu: gari la sinema likija, shuka jeupe linafungwa ukutani mwa zahanati, nasi tunakaa chini na karanga zetu mapajani. Na bibi kizee wa sinema zile alikuwa mmoja siku zote: kibiongo, fimbo, chungu cha sumu. Hata jina hakupewa.

Miaka ile wakimbizi walikuwa wamevuka kutoka Burundi. Mmoja wao, Nahimana, alikuwa jirani yetu, bibi mzee aliyepinda mgongo. Maharage yake ya mawese yalinukia mpaka barabarani, na watoto wote tulikuwa tukila kwake. Baada ya sinema moja, wenzetu Sofia na Yohana wakaanza: "Mchawi wa kwenye shuka huyo!" Akina mama wakawazuia watoto kwenda kwake. Chungu kikawa kinalala kimejaa. Na kwetu neno lile halikuwa mzaha. Nyumba ya mtu iliweza kuchomwa.

Nahimana akafunga mzigo. "Nilikimbia bunduki," akamwambia bibi yangu, "sasa nikimbie hata shuka?"

"Fungua mzigo, mwenzangu. Jumamosi gari linarudi."

Jumamosi ile, kizee wa sinema alipotokea tu, watu wakapiga kelele: "Nahimana! Nahimana!" Bibi akainuka, akamvuta Nahimana mkono, wakasimama mbele ya taa ya mashine ya sinema. Vivuli vyao vikajaa shuka zima, migongo imepinda sawasawa, na yule mchawi akapotea kabisa.

"Haya, tutazameni! Sofia, kitovu chako alikikata nani? Mimi! Yohana, surua ilipokulaza, uji alikupikia nani? Huyu! Ambaye hajala kwake asimame!"

Hakusimama mtu. Mwenye mashine akalalama, "Mama zangu, ketini basi, mnaziba!" Uwanja mzima ukaangua kicheko, Nahimana naye akacheka.

Kesho yake tulikwangua chungu chake mpaka ukoko.

Siku hizi ukuta ule haupo, gari halipo, na wazee wale wawili wamelala jirani hukohuko Simbo. Nilimrudishia mjukuu simu yake.

"Nzuri, mwanangu," nikamwambia. "Ila hii hainukii maharage."