Nilivyomsingizia Kabula kwa zombi 41 kwenye kompyuta ya karashani

Wakuu, heshima kwenu. Haya nayatoa kwenye daftari langu la kila siku, na sehemu zinazoniaibisha nimeziacha kama zilivyo.

Shule niliishia form two, kwa hiyo nikikosea mahali mnirekebishe taratibu.

Nafanya kazi kwenye karasha moja la kusaga mawe ya dhahabu huku Nyarugusu. Wachimbaji wanaleta mawe kwenye viroba, tunapima, wanapewa namba ya foleni ya kusagiwa. Kompyuta ya mzani inatumia Linux na mimi ndiye ninayekaa nayo.

Programu ya namba aliiandika dada mmoja anayetoka Samuye, Kabula, ambaye pia ndiye anayeita viroba pale mzanini. Kila kiroba kikipimwa, programu yake inazaa process, yaani kazi moja ndogo inayoendeshwa, ile inachapa karatasi ya namba, inakufa.

Kompyuta ikaanza kuwa nzito kila mchana. Jumanne moja ikaganda kabisa. Foleni ndefu, jua kali, wachimbaji wanapiga kelele: "Oya, kompyuta nayo imeenda kula?"

Bosi wetu, Mzee Maige, akaja kuuliza kuna nini.

Kabla haijaganda nilikuwa nimefungua top, ile orodha ya process zote, nikaona zombi 41, yaani process zilizokufa ila bado zimo kwenye orodha. Nilijaribu kuziua kwa kill -9, amri ya kuua kwa nguvu, hazitoki. Niliogopa kusema sijui. Nikasema mbele ya watu wote: "Mzee, ni programu ya Kabula. Inaacha maiti, maiti zimejaza memory."

Niliamini kweli, jamani. Huku duarani, kwenye shimo la kuchimbia, jina la mtu likiwa bado ubaoni tunahesabu yuko chini, hakuna anayebishana na ubao. Nilipoona 41 kwenye orodha nikajua wako 41 ndani, wamekalia nafasi.

Kabula akacheka, lakini kwa hasira. "Kaka, wewe maiti umemuona wapi akila ugali?"

Watu wakacheka. Mzee Maige hakucheka. "Binti, kapumzike nyumbani kwanza. Wiki ikiisha natafuta mtu mwingine."

Kabula ana watoto wawili na kazi ni hiyo hiyo. Nililijua hilo wakati nasema.

Akabeba mkoba wake, akanigeukia: "Angalia RES ya hao marehemu wako."

Nikaiwasha upya kompyuta, ila RES sikuiangalia. Nadhani niliogopa.

Kesho yake mchana zombi walikuwa wameanza kujaa tena, nikaangalia. RES ni safu inayoonyesha kila process imeshika RAM, ile memory, kiasi gani. Zombi wote, sifuri.

Nikamtumia Kabula meseji. Akanijibu, labda kwa huruma: "Fikiria duarani. Mtu akipanda juu, tochi na kamba anarudisha hapo hapo, mwingine anachukua. Jina linabaki ubaoni mpaka msimamizi aliyemshusha asikie taarifa yake. Jina halivai tochi, kaka."

Kumbe kernel, kiini cha Linux, ndivyo inavyofanya. Process ikifa, RAM yake inachukuliwa papo hapo. Kinachobaki ni mstari mmoja kwenye jedwali, namba yake na jinsi ilivyokufa, unasubiri process mzazi ausome.

Nikaizima programu yake nipate uhakika. Zombi wote wakatoweka, maana mzazi akifa, process namba moja inawarithi na kuwafuta. RAM? Karibu vile vile.

Basi anayekula ni mzima. Nikapanga orodha kwa RAM. Juu kabisa browser. Yangu. Tab za mpira, kila siku nazifungua asubuhi na sizifungi. Nikaifunga, RAM ikarudi hapo hapo, kompyuta ikawa nyepesi.

Kwa haki niseme pia: programu ya Kabula ilikuwa na kosa. Mzazi hakusoma taarifa za watoto wake, na namba za process zina mwisho, siku moja zingeisha. Alikubali, na aliporudi akarekebisha. Ila siyo kosa hilo lililogandisha.

Nikaenda ofisini. "Shikamoo Mzee."

"Marahaba, ng'wanawane," akaitikia, yaani mwanangu.

Nikamweleza yote. Akauliza: "Ulimsemea wapi?"

"Pale mzanini, Mzee."

"Sasa huku ndani unanieleza mimi ya nini? Mpigie aje, ukaseme pale pale."

Siku iliyofuata nilipanda kwenye benchi, foleni imejaa, Kabula amesimama mikono kiunoni. Nikasema: lile tatizo lilikuwa browser yangu, Kabula nilimsingizia.

Mchimbaji mmoja akapaza sauti: "Yaani sisi tunachomwa jua, wewe unaangalia mpira?"

"Ndiyo."

"Haya, nani alishinda?"

Kicheko. Kabula hakucheka. Akavuta kiti chake, akakaa, akasema: "Kiroba cha kwanza."

Nilichojifunza: kabla hujamtaja mtu mbele ya watu, angalia kwanza na vya kwako vilivyo wazi.

Wataalamu wa kernel, karibuni mnikosoe. Na nina swali: yaliyokuwemo kwenye RAM ya process iliyokufa yanafutwa pale pale, au mpaka nafasi ile apewe mwingine? Kabula anasema la pili. Mimi siku hizi nauliza kwanza.