Nyundo ya Kadhi wa Santuri

Mtu huyu hakuwahi kumpiga teke hata paka, lakini nyundo yake iliogopwa kuliko rungu la askari. Jina alilopewa na wazazi wake lilikwisha kusahaulika mtaani. Aliitwa Kadhi wa Santuri, kwanza kwa dhihaka, kisha kwa heshima, na mwishowe kwa mazoea tu, hata mkewe akawa humwita hivyo anapokasirika.

Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa fundi wa redio. Macho yalipochoka na nyaya nyembamba, aligeukia santuri za zamani za muziki wa jazi, zile za toleo la kwanza, ambazo wapenzi wake huzisaka mtandaoni kwa homa ya wachimba dhahabu. Palipo na asali hapakosi nyuki, na palipo na bei kubwa hapakosi mghushi. Kwa hiyo mnunuzi alipopokea kifurushi chake, alikileta moja kwa moja katika chumba cha uani cha Kadhi, chenye meza moja, mizani ya sonara, taa ya shingo ndefu, lenzi, na kipande cha reli kilichofanywa fuawe ya kupigia nyundo.

Sharti lilikuwa moja, naye alilisema kabla mgeni hajaketi. "Ukivuka kizingiti hiki umekubali hukumu. Ikiwa asili, nakuandikia hati. Ikiwa bandia, naivunja hapa hapa." Hoja yake ni kwamba bandia ikiachwa nzima itamtafuta mjinga mwingine. Hoja hiyo hakuna aliyeweza kuipinga, nayo ilimpendeza mwenyewe mno. Na mja hana hatari kubwa kuliko hoja inayompendeza.

"Wewe ungekuwa daktari," mkewe alizoea kumwambia, "wenye homa ungewazika."

Siku moja asubuhi aliingia dalali wa magari, mtu wa shingo nene na kicheko kikubwa, amekumbatia kifurushi kama mwana.

"Kadhi, hii nimeisaka miaka sita! Juzi naiona mtandaoni, kufumba na kufumbua nimelipa. Kumbe muuzaji yuko hapa hapa mjini, mwalimu wa hesabu. Haya, nibariki."

Kadhi aliipima uzito, ukawa sawa. Alipima upana, ukawa sawa. Akainamisha taa na kutazama kwa lenzi ule ukanda mtupu ulio kati ya mfuo wa mwisho na kibandiko cha katikati. Santuri hiyo yenyewe hakuwahi kuishika, kwa kuwa ilikuwa adimu mno. Lakini za kampuni ile alikwisha kuzipima nyingi, na mchongaji wao alikwaruza kijinyota mahali hapo katika kila toleo la kwanza. Hapa ukanda ulikuwa safi kama sahani iliyorambwa.

"Nyota haipo."

"Tazama tena, mzee wangu."

"Nimetazama mara tatu. Bandia."

Nyundo ikashuka. Santuri ikapasuka vipande saba juu ya reli, na kimoja kikamkata dalali kidevuni. Hakukipangusa. Alitoka, akafungua buti la gari lake, akatoa mtaimbo na kuuweka kwenye kiti cha mbele. Kadhi alimwona kupitia dirishani. Hakumwuliza aendako.

Jioni mkewe alirudi kutoka dukani na habari. Dalali alimkuta mwalimu mlangoni kwake akamvunja mkono wa kulia mbele ya mke wake, na meno mawili yakabaki kizingitini. Aliamini kuwa nyuma ya mwalimu kuna genge zima. Aliapa kurudi kesho saa nane mchana. Asipotajiwa kiwanda kinachotengeneza bandia, atauvunja na mkono wa kushoto. Majirani walifunga madirisha.

"Anayeuza uongo hununua maumivu," akasema Kadhi, akaendelea kula. Yalikuwa maneno mazuri, yaliyotoka katika moyo mbaya.

Kesho yake saa nne, mke wa mwalimu aliingia bila hodi wala salamu. Alikumba meza kwa mkono mmoja. Mizani ikaanguka, taa ikapasuka. Akamkamata Kadhi ukosi wa shati.

"Ile santuri baba mkwe wangu aliinunua kwa mkono wake mwenyewe, wiki ile ile ilipotoka! Akaifungia kabatini mpaka anakufa. Sisi bandia tutengeneze kwa nini? Kwa pasi?"

"Dada yangu, nyota haikuwepo."

"Nyota! Mume wangu anatema damu, we unaniambia nyota!"

Akamzaba kofi. Kadhi hakuwa amepigwa kofi tangu marehemu mama yake alipokuwa hai, na lile la mama lilikuwa na huruma ndani yake. Hili halikuwa nayo.

Alipobaki peke yake, shavu likiwaka, aliazimia kumwumbua mwanamke yule. Alimwaga mezani gunia la vigae vya santuri alizozivunja, akavitenga vile saba, ili aandike hati ya ubandia yenye kila kipimo. Katika kigae kilichopokea nyundo, kibandiko kilikuwa kimeinuka ukingoni, na chini yake paling'aa nukta. Alikilowesha kwa maji ya uvuguvugu, akakibandua taratibu. Nyota ilikuwapo. Kibandiko kilikuwa kipana kuliko vyote alivyowahi kuviona, cha siku za mwanzo kabisa, kabla kampuni haijavipunguza, nacho kiliifunika alama. Angepitisha kidole juu ya karatasi angeuhisi ule mkwaruzo. Lakini alikuwa mtu wa lenzi.

Wazee wa elimu walituachia onyo: akikujia mlalamikaji ameshika jicho lake kiganjani, usikate shauri mpaka umsikie mwenzake, huenda yeye yametoka yote mawili. Mtu huyu aliyeitwa Kadhi hakuwahi kumsikia muuzaji hata mmoja.

Ilikuwa saa sita na nusu. Jiko lilikuwa hatua tano tu kutoka mezani, na kigae kile kingeyeyuka kwa dakika moja. Alikuwa amekwisha kukishika aliposimama mkewe mlangoni, akaitazama nyota, akamtazama na mumewe.

"Unangoja nini?"

"Ataniua, mke wangu."

"Labda. Lakini mwalimu atavunjwa bila labda. Vaa viatu."

Nyumbani kwa mwalimu, dalali alikuwa amewahi saa. Kadhi alimkuta amemkandamiza mwalimu kwenye meza ya chakula, mkono wa kushoto umenyooshwa juu ya mbao, mtaimbo umeinuliwa.

"Kiwanda kiko wapi?"

"Hakuna kiwanda, ndugu yangu! Wallahi hakuna!"

"Kipo," akasema Kadhi. "Ni mimi." Akaweka kigae na lenzi mezani.

Dalali aliinama, akatazama kwa muda mrefu. Alipoinuka, uso wake ulikuwa umepauka.

"Kwa hiyo ilikuwa ya kweli."

"Ya kweli."

"Na wewe ukaivunja."

"Niliivunja. Na huyu umemvunja kwa ulimi wangu."

Pigo la kwanza lilimpata Kadhi juu ya kiwiko, na mfupa ukalia kama kuni kavu. La pili lilimpata mbavuni, likamwangusha. Mke wa mwalimu alikuwa ameshika sufuria ya maji yaliyochemka, akatazama mapigo hayo mawili bila kutikisika. La tatu liliponda vidole sakafuni. Hapo ndipo mwanamke yule alipoyamwaga yote shingoni mwa dalali. Mtaimbo ukaanguka. Dalali alikimbilia nje akipiga mayowe, na majirani waliofunga madirisha jana wakawa mashujaa leo: walimpiga kwa mawe na fito mpaka askari wakamwokota hajitambui.

Zahanati ilikuwa na foleni. Mwalimu alikuwa amekuja kufungwa upya bandeji iliyofumuliwa na purukushani. Kadhi aliketi kando yake, mkono wake ukining'inia kwenye kitambaa cha kichwa cha mkewe.

"Mzee," mwalimu akanena mwishowe, maneno yakivuja kwenye pengo la meno, "baba hakuturuhusu kuigusa. Tangu mtoto najiuliza mle mna nini. Ilikuwa inapigaje?"

Kadhi alikuwa mtu wa maneno tayari, na angeweza kubuni tarumbeta na ngoma zake. Akainamisha kichwa.

"Sijui, mwanangu. Sikuitia sindano nikaisikia."

Mke wa mwalimu, aliyekuwa amesimama mbele yao, akamshika mumewe bega lililo zima, akamwinua, akampeleka kwenye benchi la mbele, mbali na Kadhi.