Ini la Mzazi na Mayai ya Minyoo

Mwaka 1994, mvua za masika zikielekea kwisha, nilikuwa na umri wa miaka hamsini na mmoja, mjane, mwenye cheti cha kidato cha nne nilichokipata nikiwa na thelathini na tisa. Cheti hicho kilinifanya niamini kwamba nikishasema jambo, limethibitika.

Tarehe 11 Mei mkwe wangu alijifungua, akapungukiwa na damu mno. Muuguzi wa zahanati alimwagiza ale ini. Hapa Kirua Vunjo tukachinja mbuzi wa mzazi, nami, mbele ya mashemeji zangu, nikaliondoa ini sahanini mwake, kwa kuwa katika ukoo wa marehemu mume wangu ini lilikuwa la wanaume.

"Mama, muuguzi amesema..." mkwe wangu akaanza.

"Muuguzi hakuolewa hapa. Wanawake wa nyumba hii hawajaonja ini tangu ukoo uanze."

Wiki hiyohiyo mtafiti wa mambo ya kale, binti kutoka Dar es Salaam, alikuwa akichimba kwenye kihamba chetu, shamba la migomba la ukoo, mahali palipokuwa na nyumba ya zamani ya wanawake waliojifungua. Humo mwanamke alitunzwa miezi mitatu, mwanaume asikanyage. Nilimwonyesha shimo la choo la wanawake hao, nikamsihi aandike neno langu kuhusu ini. Aliandika.

Alirudi Jumamosi, tarehe 2 Julai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeona heshima ya bibi zetu?"

Akafungua daftari lake. "Shimoni tumekuta mayai ya minyoo ya ini la mifugo. Mtu akila ini lenye minyoo hiyo, mayai hupita tumboni na kutoka yalivyo."

"Labda minyoo hiyo waliipata kwenye mboga za mfereji," nikasema, kwa sauti ya mwalimu.

"Yawezekana, mama. Ila ini ndilo ninalolidhania zaidi."

Kutoka chumbani mkwe wangu, ambaye bado hakuweza kusimama bila kushika ukuta, akacheka. "Pole, mama! Bibi zetu wamekuumbua!"

Niliona aibu, kisha nikaona midomo yake ilivyopauka, nikaona aibu iliyo ya haki. Nikaomba kikao cha ukoo.

Kilikaa Jumamosi, tarehe 16 Julai 1994. Shemeji mkubwa alinitaka nirudie maneno yangu ya Mei. Wakacheka hadi wakafuta machozi. Wakaamua kwamba ini la mbuzi wa mzazi ni la mzazi. Kwa kuwa mimi ndiye msomi wao, niliandika muhtasari wa kushindwa kwangu kwa mwandiko mzuri, nikatia sahihi, kisha nikampelekea mkwe wangu sahani ya ini la mbuzi aliyechinjwa siku hiyo, kwa mikono yangu mwenyewe.

"Onja, mama," akasema.

Nilikataa kwa fahari kipande cha kwanza tu.