Zamu ya Kubeba Mimba

Muuguzi mkuu wa wodi yetu hapa Daegu, Korea Kusini, ana mikono laini, na kila asubuhi hututilia keki za mchele mfukoni. "Kuleni wanangu, sisi ni familia." Sauti haimpandi hata anapopanga nani abebe mimba lini, maana wodi haiwezi kukosa wauguzi wawili kwa mpigo. Juzi Bo-ram alimnong'oneza kwamba ni mjamzito. Muuguzi mkuu akamnyooshea kola taratibu. "Mwanangu, umeruka foleni. Mwenzako Mi-suk anangoja zamu yake tangu aolewe. Kamwombe radhi." Bo-ram akaomba radhi, akaacha kazi. Mi-suk naye, kwa kuchoka kungoja, akaacha. Wakubwa wa hospitali wakamuuliza muuguzi mkuu atafanya nini ili wauguzi wabaki, naye akafikiri sana. Leo keki zina maharage matamu ndani, na zamu ya Mi-suk nimepewa mimi, ambaye hata mchumba sina.