Maneno ya Mama Ndani ya Mashine Iliyogoma

Sogea karibu, wewe unayenisikiliza, nikueleze jambo moja polepole. Huhitaji kuwa fundi ili ulielewe. Ila nikipandisha sauti katikati, nivumilie. Hasira ile haijanitoka.

Rafiki yangu alikuwa Mganda aliyekimbia kwao, akiishi Rågsved, kitongoji cha Stockholm huko Sweden, na watoto wake. Miaka ile kupiga simu kwetu Afrika kulikuwa ghali, tulipiga kwa misiba tu, kwa hiyo sote wa ugenini tulitumiana na ndugu barua za sauti kwenye kanda. Mama yake alirekodi Kampala, kanda ikaja na msafiri. Rafiki yangu aliisikiliza, kisha akarekodi majibu yake juu ya kanda ileile na kuirudisha. Ndivyo tulivyofanya wote. Sauti ya mama ilifutwa na ya binti, ya binti ikafutwa na ya mama.

Lakini kabla ya kufuta, aliandika kila neno la mama kwenye kompyuta: nani alimzaa nani, shamba la babu liliishia wapi, nyimbo za kubembelezea watoto. Watoto wake walimjibu kwa Kiswidi, naye alitaka siku moja wasome ya bibi yao. Kisha mama akafariki. Hakuna kanda iliyobaki na sauti yake. Maneno yake yalikuwa mahali pamoja tu, kwenye diski iliyo ndani ya mashine ile.

Mashine ikagoma kuwaka.

Watu wetu waliposikia walikuja kumpa pole, kama ilivyo desturi. Na kila aliyeleta pole alileta na dawa. Mmoja aliizima na kuiwasha, akaizima na kuiwasha. Mwingine aliipiga kofi ubavuni kama redio. Mkongo mmoja mpole alikuwa akisema, "Doucement, doucement," yaani taratibu kwa Kifaransa, huku akiitikisa ikiwa kwenye umeme.

Mimi nilikuwa nikitengeneza mashine za namna hiyo kazini Kista, upande mwingine wa jiji. Rafiki yangu aliponipigia simu nilimwambia, "Izime. Asiiguse mtu mpaka nifike."

Nilipofika, shemeji yake, mdogo wa mumewe, alikuwa ameketi mbele ya mashine, sambusa mkono mmoja, kidole cha mkono wa pili kimeelea juu ya kibodi. Kwenye skrini Kiswidi kilikuwa kikiuliza: kila kitu kwenye diski kitafutwa, endelea?

"Fundi wa Kista huyo!" alisema. "Umechelewa, dada. Tiba tumeshaipata."

"Tiba gani?"

"Naifuta yote, naipanga upya. Itawaka kama imetoka dukani."

"Na yaliyomo?"

"Yamekufa na mashine. Nimeshampa shemeji pole yake."

"Toa mkono."

"Haraka ya nini? Keti kwanza, unywe chai."

"Toa mkono wako hapo!"

Nilipiga kelele mpaka waliokuwa wakinywa chai wakaweka vikombe chini. Alijiinua taratibu, akicheka. Rafiki yangu alikuwa amesimama mlangoni. "Aliniambia humo hamna kitu," alisema. "Aliniambia ni tupu."

Sasa nisikilize vizuri. Mashine kugoma kuwaka si kufa kwa vilivyomo. Inapoamka, hutafuta kwanza faili chache zinazoielekeza pa kuanzia. Zikikosekana, inasimama hapo hapo, ingawa ndani kila kitu kipo kama ulivyokiacha. Unachomeka diski ndogo yenye faili hizo, mashine inaamkia kwenye hiyo, halafu unaangalia ndani.

Na shemeji alikuwa ameshachomeka diski ya namna hiyo! Ndiyo iliyomwezesha kufika kwenye swali lile la kufuta. Angeandika neno moja tu la kuorodhesha yaliyomo, angeona faili zote. Hakuangalia. Niliandika neno hilo kwa diski yake mwenyewe, na majina yakashuka kwenye skrini. Rafiki yangu aliyatambua, akaziba mdomo kwa kanga.

Faili za kuanzia tu ndizo hazikuwepo.

"Nani alifuta vitu humu?" niliuliza.

"Nilipunguza kidogo tu," alisema shemeji. "Watoto walitaka mchezo, nafasi haikutosha. Faili zenyewe zilikuwa na majina yasiyo na maana."

"Yasiyo na maana kwa nani, bwana?"

Nilianza kunakili kwenye diski ndogo nilizokuja nazo, moja baada ya nyingine. Ukoo ulitoka. Shamba la babu likatoka. Kisha diski ya ndani ikaanza kukwaruza, na skrini ikasema haisomeki. Nilijaribu tena. Ikakwaruza. Nilijaribu mpaka hakuna aliyeweza kunitazama, kwa sababu kila mmoja alikumbuka jinsi alivyoipiga au kuitikisa. Nyimbo za kubembelezea hazikutoka.

"Si mengi yamepatikana?" alisema shemeji. "Tushukuru."

Nilifungua mdomo, lakini rafiki yangu alinitangulia.

"Shemeji, chai yako imekwisha. Nenda nyumbani."

Alikwenda. Wengine walimfuata, wakimpa rafiki yangu pole tena mlangoni. Yeye alikaa kwenye kiti alichoacha shemeji, akajaribu kuuimba wimbo mmoja, akakwama mstari wa pili.

Kwa hiyo mashine yako ikikataa kuwaka, izime, chomoa waya ukutani, na usimruhusu mtu yeyote kufuta wala kuandika kitu ndani yake mpaka yaliyomo yamenakiliwa kwingine.