Michenza ya Zoraide

Adauto Bertoli amebebesha miche miaka thelathini na moja. Yeye anachanja ganda na kuchomeka jicho, yaani chipukizi, la mti mwingine, mimi namfuata nyuma nafunga utepe wa plastiki. Ndivyo tunavyofanya kazi hapa kitaluni Conchal, wawili wawili, tumeinama mpaka viuno vigome. Macho anayochomeka hayakauki. Kiburi chake kilikuwa na sababu.

Miaka sita iliyopita dada yake Zoraide, mjane, alitaka michenza mia tatu ya aina ya Murkote nyuma ya nyumba. Ndiyo ingemlisha. Sisi mti wa chini, ule unaobaki na mizizi, huwa ni limau karafuu. Unavumilia ukame na kuzaa mapema, ila tunda la mti wa juu yake halina utamu sana. Zoraide alitaka chenza la kuuza sokoni, si la kukamuliwa kiwandani. Adauto akamchagulia Suingle, mti wa chini unaotoa tunda tamu.

"Murkote na Suingle hazipatani," mzee Fioravante, mwenye kitalu, alimwonya mbele yangu.

"Zinakukataa wewe, mzee. Mimi hazijanikataa."

Macho yote yalishika. Mwaka wa nne yakaja machenza ambayo wanawake wa sokoni waliyafuata mpaka nyumbani. Adauto akawa anapita kitaluni na chenza mkononi. "Mzee, nikumenyee kipande?"

Agosti hii majani yakageuka manjano, mstari kwa mstari. Adauto akalaumu maji, kisha sisimizi, kisha mbolea ya dada yake. Fundi yeyote anajua pa kutazama: pale miti miwili inapoungana. Yeye alizunguka kila mahali ila hapo. Nami nilinyamaza, kama nilivyonyamaza siku ile kitaluni, na kila mti pale niliufunga mimi.

Jumapili moja Zoraide alitoka jikoni na kisu.

"Adauto, fungua ganda."

"Mti utaumia, dada."

"Umeshaumia. Fungua, au nafungua mimi na hiki cha kuku."

Adauto akapiga magoti, akakata kijidirisha kwenye kiungo. Ndani kulikuwa na mstari wa kahawia, kama alama ya kamba. Miti ile haikuwahi kuwa kitu kimoja. Chakula cha majani kilikuwa hakishuki kwenye mizizi. Akafungua wa pili, wa tano, wa kumi. Zoraide akakaa juu ya kreti.

"Sasa?"

Adauto akafuta kisu chake. Ikabidi niseme mimi. "Tupande miche ya limau karafuu ubavuni, tuichomeke kwenye shina juu ya kiungo. Iwe miguu mipya. Miwili kila mti."

"Na utamu?"

"Utapungua," Adauto akasema, macho chini. "Na mingine haitapona."

"Miaka sita unanilisha sifa za mkono wako, Adauto! Basi upumzike. Atachanja huyu, wewe utafunga."

Adauto alikwenda mwenyewe kwa Fioravante kuchukua miche mia sita. Mzee hakumcheka. Adauto aliniambia afadhali angemcheka.

Mvua za Oktoba zimeanza, maganda yanabanduka vizuri. Tumefika mti wa arobaini. Mkono wangu ni mzito, na nyuma yangu Adauto anavuta utepe kwa hasira.

"Umekata ndani mno, bwana."

"Funga," namwambia.

Anafunga. Hatujui kama itashika.